Usaidizi wa mtandaoni: Je, kazi iliyojengwa na wajasiriamali wachache inaweza kupata makao Bujumbura?

Katika barabara za katikati ya Bujumbura, hasa karibu na ofisi za serikali, ni vigumu kutembea kwa muda mrefu bila kukutana na kibao chenye maneno ya Kifaransa "Secrétariat public". Ndani huwa mna kompyuta moja au mbili, mashine ya kutoa nakala, na mtu anayechapa barua za kuomba kazi, mikataba ya mauzo ya viwanja na tasnifu za wanafunzi. Mteja hulipa kwa ukurasa, huchukua karatasi zake na kuondoka. Huenda wawili hao wasionane tena.

Stadi zilizomo katika chumba hicho, yaani kuandika Kifaransa sanifu, kupanga nyaraka, kutunza siri ya mtu na kuheshimu muda, ndizo zinazouzwa duniani kwa jina la usaidizi wa mtandaoni. Tofauti ni kwamba huko malipo huwa ya mwezi, kwa euro au dola, na mteja yuko Brussels, Lyon au Montréal. Kwa nchi ambayo kwa miaka kadhaa sasa imesumbuliwa na uhaba wa fedha za kigeni, na ambayo wahitimu wake wa vyuo vikuu ni wengi kuliko nafasi za kazi za ofisini, tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo, historia ya kazi hii inaonyesha kwamba haikuzaliwa na kompyuta wala intaneti peke yake. Ilihitaji wajasiriamali walioamua kitu kinachouzwa ni nini, kinauzwa kwa nani, na nani atamdhamini muuzaji mbele ya mnunuzi asiyemfahamu. Bujumbura ina stadi hizo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuyajibu maswali hayo matatu.

Msaidizi wa mtandaoni hufanya nini?

Katika ofisi za Tanzania mtu huyu angeitwa katibu muhtasi au mhazili. Hupanga shajara ya mteja, hujibu barua pepe kwa niaba yake, huandaa ankara na kuwafuatilia wasiolipa, huweka nafasi za safari, huandika kumbukumbu za mikutano na kutunza orodha ya wateja. Jina la kazi hii siku hizi huchanganya, kwa sababu kwa Kiingereza linatumika pia kwa programu za simu zinazoitikia sauti, kama vile Siri na Alexa. Makala haya yanamzungumzia binadamu.

Wateja wake si mashirika makubwa, ambayo yana makatibu wao. Ni wanasheria wanaofanya kazi peke yao, wahasibu, madaktari wenye zahanati ndogo, mawakala wa nyumba, waandishi na wakufunzi: watu wenye kazi nyingi mno za karatasi, lakini wasio na uwezo wa kumwajiri mtu kwa siku nzima. Msaidizi humpa kila mmoja saa chache kwa wiki. Kisheria yeye si mwajiriwa wa yeyote kati yao. Ni mfanyabiashara anayeuza huduma, anayejitafutia wateja, anayepanga bei yake na kujilipia kodi. Jambo hili husahauliwa mara nyingi na vijana wanaoingia katika kazi hii wakidhani wanatafuta ajira.

Nani aliijenga kazi hii?

Watu waliochapa nyaraka nyumbani kwa malipo walikuwapo tangu enzi za mashine za taipu. Kilichobadilika katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 ni kwamba barua pepe ilimwezesha mchapaji kumhudumia mtu ambaye hatakutana naye kamwe. Asili ya jina la msaidizi wa mtandaoni inagombewa. Wapo wanaolihusisha na Thomas Leonard, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi ya ukufunzi wa maisha, na wapo wanaomtaja mjasiriamali Christine Durst, naye wa Marekani.

Anayestahili kutazamwa kwa makini zaidi ni Stacy Brice. Mwaka 1997 alianzisha AssistU, taasisi ya kuwafunza wasaidizi wa mtandaoni na kuwaunganisha na wateja. Brice alikuwa ameifanya kazi hiyo mwenyewe. Alichokifundisha hakikuwa kuchapa. Wanafunzi wake wengi walikuwa wanawake waliotoka katika kazi za ofisini na walijua kuchapa kuliko yeyote. Aliwafundisha kuacha kuuza ukurasa, na badala yake wauze uhusiano wa muda mrefu, ambamo msaidizi anaifahamu biashara ya mteja kiasi cha kuona tatizo kabla halijatajwa. Anayeuza ukurasa hushindana na kila mwenye kompyuta. Anayejua kwamba mteja fulani wa mwanasheria hulipa tu akikumbushwa kwa simu, wala si kwa barua, ana kitu ambacho jirani yake hawezi kukiuza kwa bei nafuu zaidi.

Durst alipita njia nyingine. Akiwa na mshirika wake Michael Haaren, aliendesha kampuni ya Staffcentrix iliyotoa mafunzo kwa wenzi wa wanajeshi wa Marekani. Hawa walikuwa watu wasioweza kudumu kazini, kwa kuwa kila baada ya miaka michache familia ilihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, na kazi inayobebeka ndani ya kompyuta iliwafaa kuliko cheti chochote. Mwaka 1999 kiliundwa pia chama cha kimataifa cha wasaidizi wa mtandaoni, IVAA.

Kwa hiyo, katika muda wa miaka michache tu, kazi isiyo na sura ilipata jina, mafunzo, chama na namna ya kupanga bei. Intaneti ilikuwa ile ya kupiga kwa laini ya simu, na kasi yake leo ingemchosha mtumiaji yeyote wa simu ya mkononi mjini Bujumbura.

Muongo uliofuata kazi ilivuka bahari. Masoko ya kazi ya mtandaoni, Elance iliyoanzishwa mwaka 1999 na oDesk ya mwaka 2003, yaliungana na hatimaye kuitwa Upwork mwaka 2015. Mwaka 2007 kitabu cha Tim Ferriss kuhusu kufanya kazi saa nne kwa wiki kiliwaeleza wasomaji wa Marekani jinsi ya kuwapa wasaidizi wa India shughuli zao. Ufilipino nayo ikawa mojawapo ya vituo vikuu. Masoko haya yalifungua mlango kwa mamilioni ya watu, lakini kwa kiasi fulani yaliibomoa kazi ya Brice: yaliwarudisha wengi kwenye kuuza kipande kwa kipande, wakishindana kwa bei ya chini kabisa.

Nairobi ilipita wapi?

Mfano ulio karibu zaidi na Bujumbura uko Kenya. Katikati ya miaka ya 2000 Nicholas Nesbitt na wenzake walianzisha KenCall, kituo cha simu kilichohudumia wateja wa nje ya nchi kutoka Nairobi. Wakati huo Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa intaneti wa chini ya bahari. Mawasiliano yalipitia setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa ucheleweshaji unaosikika katika mazungumzo. Mkongo wa SEACOM ulifika Julai 2009, ukifuatwa na mingine. KenCall ilikuwa imeuonyesha uwezekano kabla ya miundombinu kuwasili.

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital wa kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, na usaidizi wa mtandaoni ukawa miongoni mwa kazi hizo. Hatua iliyokuwa na uzito zaidi kwa mfanyakazi wa kawaida, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ilikuja Aprili 2018, na haikuhusu mafunzo. PayPal na Safaricom ziliwezesha fedha zilizopokelewa PayPal kuhamishiwa M-Pesa. Tangu hapo msichana wa Nakuru anayemhudumia mteja wa Toronto aliweza kununua unga kwa fedha alizolipwa bila kupanga foleni benki.

Kenya ina somo lingine, tena chungu. Mwaka 2008 Leila Janah alianzisha Samasource, ambayo baadaye iliitwa Sama, akiwa na wazo kwamba kazi ndogondogo za kidijitali zingewatoa watu katika umaskini. Janah alifariki dunia Januari 2020. Miaka mitatu baadaye, jarida la Time liliripoti kuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo mjini Nairobi, waliochambua maandishi ya kutisha kwa ajili ya OpenAI, walipokea kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, ilhali mikataba ilitaja malipo ya dola 12.50 kwa saa kwa kampuni. Sama ilieleza kwamba kiasi hicho kilijumuisha gharama zote za uendeshaji. Kazi ile si usaidizi wa mtandaoni. Lakini swali lake linamhusu kila dalali wa kazi za mbali: nani anamiliki uhusiano na mteja? Msaidizi wa Brice aliumiliki mwenyewe. Wafanyakazi wa Nairobi hawakuwa nao.

Kwa nini Bujumbura?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mteja wa Ulaya aitafute Bujumbura na kuiacha Nairobi au Manila. Jibu la kwanza ni lugha. Burundi ina Kirundi na Kifaransa, Kiingereza kiliongezwa kuwa lugha rasmi mwaka 2014, na Kiswahili kinasikika kila siku katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza. Wasaidizi wa Kenya na Ufilipino hutawala soko la Kiingereza. Soko la Kifaransa lina wauzaji wachache zaidi. Antananarivo, mji mkuu wa Madagascar, umejenga sekta nzima ya vituo vya simu na kazi za ofisini kwa kampuni za Ufaransa, ingawa nchi hiyo nayo ni maskini na ina matatizo yake ya umeme.

Jibu la pili ni saa. Burundi iko saa mbili mbele ya saa ya dunia ya Greenwich. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, saa ya Bujumbura na ya Brussels ni moja. Majira ya baridi Bujumbura hutangulia kwa saa moja tu. Mteja akifika ofisini saa mbili asubuhi mwezi Januari, msaidizi wake amekwisha kupitia barua pepe za usiku. Msaidizi wa Manila, kwa upande mwingine, hulazimika kufanya kazi hadi usiku mwingi.

Na lipo jibu la tatu ambalo halionekani kwenye ramani. Warundi wengi wanaishi Ubelgiji, Ufaransa na Kanada, na baadhi yao wana biashara, au wanamfahamu mwenye biashara. Mteja wa kwanza ndiye mgumu kumpata kuliko wote, na mara nyingi hupatikana kwa neno la mtu anayeaminika.

Umeme na mtandao

Vikwazo vya miundombinu vinajulikana. Ni takriban mtu mmoja kati ya kumi nchini Burundi aliye na umeme. Jiji la Bujumbura lina hali bora kuliko vijiji, lakini kununua umeme wa Cashpower hakumhakikishii mtu kuwa utawaka mchana kutwa. Uhaba wa mafuta uliodumu kwa miaka kadhaa umepunguza pia msaada wa jenereta. Anayeanza leo anahitaji betri ya kuhifadhi umeme, na ikiwezekana paneli ya jua, kabla ya kuhitaji kompyuta ya kisasa.

Burundi haina bahari, hivyo intaneti yake hupitia nchi jirani hadi pwani. Mei 2024, mikongo ya baharini ilipokatika, nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilipata mtandao wa kusuasua kwa siku kadhaa. Mwaka huohuo huduma ya setilaiti ya Starlink iliingia Burundi, nayo inaweza kuwa akiba kwa kundi la watu wanaochangia gharama, ingawa kwa kijana mmoja bado ni ghali. Kwa bahati nzuri, barua pepe, shajara na ankara hazihitaji kasi kubwa. Mkutano wa video ndio unaohitaji, na msaidizi mwerevu hukubaliana mapema na mteja kuwa mtandao ukilegea watazungumza kwa sauti pekee.

Kizingiti kikubwa: fedha zinafikaje?

Hapa ndipo suala lilipo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mhasibu wa Liège anakubali kumlipa msaidizi wa Bujumbura euro 10 kwa saa, kwa saa 40 za mwezi. Hizo ni euro 400. Ikiwa wamekutana kupitia soko la mtandaoni linalotoza asilimia 10, kiwango ambacho Upwork ilikitangaza mwaka 2023, zinabaki 360. Ada ya kutuma fedha itapunguza tena kidogo. Mpaka hapo msaidizi wa Bujumbura hana tofauti na yule wa Nairobi.

Tofauti inaanza fedha zinapovuka mpaka. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi, BRB, ilishusha thamani ya faranga kwa kiasi kikubwa. Dola moja ilipanda kutoka faranga elfu mbili na kidogo hadi zaidi ya faranga 2,800. Hata hivyo bei ya sokoni iliendelea kuiacha bei rasmi nyuma, na baadaye ikawa zaidi ya maradufu yake. Maana yake ni kwamba msaidizi anayelipwa kwa faranga kwa bei rasmi anapoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa kununua wa jasho lake, ikilinganishwa na yule anayepokea noti za kigeni. Mchele na sukari havimsubiri sokoni kwa bei rasmi.

Matokeo yake yanatabirika. Wanaofanya kazi za mbali huvutwa kutafuta njia za pembeni: ndugu aliye Ubelgiji anapokea euro, na ndugu mwingine anatoa faranga Bujumbura. Njia hiyo inamlinda mfanyakazi mmoja, lakini haimpi ankara, haimpi kumbukumbu ya mapato anayoweza kuionyesha benki anapoomba mkopo, na fedha za kigeni ambazo nchi inazihitaji haziingii katika hazina. Burundi imezoea kuhesabu dola za kahawa na chai. Huduma zinazouzwa kwa barua pepe hazina gunia la kupimwa mpakani, na pengine ndiyo sababu hazijavuta macho ya watunga sera kwa kiwango hichohicho.

Nani atasimama katikati?

Nafasi ya mjasiriamali wa Bujumbura iko hapa. Kuanzisha shule nyingine ya kompyuta ni rahisi, na wanafunzi watakuja. Kazi ngumu ni ile ya AssistU: kumchuja msaidizi, kumjaribu, kisha kumwambia mhasibu wa Liège kwamba mtu huyu akishindwa, sisi tutampa nafasi mwingine kesho. Kuongeza juu yake yale ambayo Brice hakuyahitaji: chumba chenye umeme wa uhakika, mtandao wa njia mbili, na akaunti ya fedha za kigeni iliyofunguliwa kwa jina la kampuni, ambayo ina nguvu ya kujadiliana na benki kuliko kijana mmoja mwenye kitambulisho chake.

Malipo ya huduma hiyo ni halali. Kiasi chake ndicho cha kujadiliwa, na mkataba wa kwanza ndio unaoamua mengi. Je, msaidizi anaona ankara anayotumiwa mteja? Je, akiondoka baada ya miaka miwili anaweza kuendelea na mteja wake kwa kulipa ada inayojulikana, au anazuiwa kabisa? Je, zamu ya umeme ikikatika, hasara ni ya nani? Kijana anayepewa mkataba usiojibu maswali haya afadhali aulize kabla ya kutia saini. Ushirika wa wasaidizi wenyewe, wanaochangia betri na kodi ya chumba kama wavuvi wa Tanganyika wanavyoweza kuchangia boti, ni njia nyingine inayofaa kujaribiwa.

Wanaotabiri kuwa programu za akili mnemba zitaifuta kazi hii wana hoja kwa upande mmoja. Kuchapa, kufupisha na kutafsiri rasimu sasa hufanywa na mashine kwa sekunde. Anayeuza kurasa ana kila sababu ya kuwa na wasiwasi, awe Bujumbura au Manila. Lakini mashine haiwezi kulaumiwa ankara ikitumwa kwa mtu asiyehusika, na mwanasheria anayekabidhi shajara yake anataka mtu wa kumuuliza.

Jambo hilo linagusa pia sheria. Tangu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya una kanuni kali za ulinzi wa data binafsi, na mteja wa Ubelgiji anayetuma majina na anwani za wateja wake nje ya Umoja huo anabaki na wajibu juu ya usalama wake. Atataka ahadi za maandishi kuhusu nani anaifungua kompyuta hiyo na faili zinahifadhiwa wapi. Atamwomba pia msaidizi ankara yenye jina la biashara. Kwa Bujumbura hatua hiyo huanzia katika dirisha la pamoja la usajili la Wakala wa Maendeleo wa Burundi, ADB, na namba ya mlipakodi, NIF, ambayo hutolewa na mamlaka ya mapato, OBR. Vijana wengi huiahirisha hatua hiyo hadi wapate mteja, na mteja naye huahirisha uamuzi wake hadi aione namba hiyo kwenye karatasi.